Kontroli boksi ndiyo ya mwisho kushukiwa

Kule Grogan jijini Nairobi, kando ya Kirinyaga Road, kompyuta za injini huuzwa zikiwa zimerundikwa rafu juu ya rafu: visanduku vya alumini vilivyobandikwa karatasi zenye namba, midomo ya soketi imetazama nje, vumbi la barabara limetulia juu. Nyingi zimetoka kwenye magari ya Japani yaliyofumuliwa. Kwa kuwa zinapatikana kwa urahisi, imezoeleka kuzisingizia. Gari linapiga stata lakini halishiki, skana, mashine ya kusoma kasoro, inaonyesha msimbo, na kabla multimita haijatolewa kwenye boksi mwenye gari ameshaambiwa, "Mkubwa, hapa kontroli boksi imeenda." Anatoa pesa, kisanduku kinabadilishwa, na gari linabaki palepale lilipokuwa.

Kontroli boksi, yaani ECU, huharibika. Hilo halina ubishi. Lakini ndani yake hakuna kinachozunguka wala kusuguana, na imeundwa ivumilie joto na mtikisiko. Waya, fyuzi, relei, erthi na sensa (vihisio) huchoka mbele yake kwa mbali. Anayeanza uchunguzi na ECU ameanza mwisho wa foleni.

Njia ya kuichunguza ni kuiuliza maswali matatu kwa mpangilio huu: inakula? inasikia? inasema? Kula ni umeme wa betri na erthi. Kusikia ni ishara za sensa. Kusema ni amri kwa injekta zinazopuliza petroli, koili za moto wa plagi, throtoli inayoingiza hewa na relei ya pampu. Ikiwa inakula vizuri na inasikia kila kitu, na bado haisemi au inasema ovyo, hapo una haki ya kuishika shati.

Vifaa si vingi. Multimita ya dijitali inayoaminika. Balbu ya breki ya wati 21 iliyolehemiwa waya mbili. Pini nyembamba za kuingiza nyuma ya soketi bila kutoboa ganda la waya. Skana inayozungumza na gari hilo kikamilifu; kile kidude cha bei nafuu cha kuunganisha na simu husoma misimbo ya kawaida tu, na baadhi ya magari yaliyotengenezewa soko la Japani hayakijibu kabisa, hivyo kimya chake si ushahidi. La mwisho, na ndilo mafundi wengi huliruka, ni mchoro wa waya wa gari hilohilo, injini hiyohiyo, mwaka huohuo. Vitz yenye injini ya 1KR na Vitz yenye injini ya 1NZ zinafanana machoni, pini zake hazifanani. Kupima pini kwa kukisia ni kutafuta balaa.

Washa ufunguo, usipige stata

Geuza ufunguo hadi ON na utazame dashibodi. Taa ya injini lazima iwake. Ikiwaka, ECU ina uhai wa kiasi fulani, na uwezekano kwamba imekufa kabisa umepungua sana. Isipowaka, kuna njia nne: ECU haipati umeme, haina erthi, imekufa, au taa yenyewe haipo. Hiyo ya nne si mzaha. Kuna magari ambayo balbu hiyo imetolewa au kuzibwa kwa makusudi ili gari liuzike, kwa hiyo hakikisha taa nyingine za dashibodi zinawaka kabla ya kuamua lolote.

Kisha chomeka skana. Isipowaka kabisa, pima pini ya 16 ya soketi ya OBD, ile inayochomekwa skana: pawe na umeme wa betri. Pini za 4 na 5 ni erthi. Mara nyingi fyuzi ya pini ya 16 ndiyo iliyoungua, na wakati mwingine aliyeiunguza ni chaja ya simu ya bei rahisi kwenye soketi ya kiberiti, kwa sababu baadhi ya magari huzilisha zote mbili kwa fyuzi moja. Skana ikiwaka na kuzungumza na ABS na eabegi lakini injini ikanyamaza, na vifaa hivyo vingine vikatoa U0100, maana yake wenzake wanaiita na haiitikii. Hapo shuku umeme na erthi ya ECU kwanza.

Skana isipozungumza na kifaa chochote kwenye gari lenye mtandao wa CAN, yaani waya mbili ambazo kompyuta za gari huzungumzia, ondoa waya hasi wa betri, ngoja dakika chache, kisha pima ukinzani kati ya pini ya 6 na ya 14. Unatakiwa upate karibu omu 60, kwa sababu kuna ukinzani wa omu 120 kila ncha ya mtandao na zote mbili zimepangwa sambamba. Ukipata 120, ncha moja imekatika. Mara nyingi ECU ya injini ndiyo yenye ncha moja, kwa hiyo inaweza kuwa imechomolewa au waya wake umekatika njiani. Ukipata karibu sifuri, waya mbili zimegusana. Mtandao wote ukizimwa na kifaa kimoja kibovu, chomoa kifaa kimoja baada ya kingine huku ukitazama skana. Kitakachochomolewa na wenzake wakaamka ndicho mkosaji.

Inakula?

Hapa ndipo kesi nyingi huishia, na ndipo panapostahili muda.

Anza na betri yenyewe. Ikiwa imepumzika iwe volti 12.4 hadi 12.7. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6. Ikishuka zaidi, ECU inaweza kujizima na kuwaka upya katikati ya mzunguko wa injini, na utakuwa na gari ambalo stata yake inazunguka lakini halishiki. Betri ya namna hii huonekana nzuri ikipimwa bila mzigo. Injini ikiwaka, chaji nyingi huwa kati ya volti 13.5 na 14.7. Ikipita 15, alternata inapika kila kitu, ECU ikiwemo. Weka multimita upande wa AC (mkondo geu) pia: zaidi ya nusu volti ya AC kwenye betri injini ikiwaka ni dalili kwamba dayodi za alternata zimeanza kufa, na umeme huo wenye mawimbi huzichanganya sensa na kuleta misimbo isiyo na kichwa wala miguu.

Kisha nenda kwenye soketi ya ECU. Kwenye Toyota nyingi mtiririko ni huu: pini ya BATT ina umeme muda wote, ufunguo ukiwa ON, umeme unaingia kwa IGSW, ECU ikiuona, inatoa umeme kwa MREL ili kuvuta relei kuu ya EFI (mfumo wa kupuliza petroli), relei ikifunga, umeme mkubwa unarudi kwa +B. Kila hatua inategemea iliyotangulia. Ukikuta BATT na IGSW ziko sawa lakini MREL haitoi kitu, ECU imeanza kushukiwa. Ukikuta MREL inatoa volti 12 lakini +B ni sifuri, tafuta relei, fyuzi ya EFI au waya kati yake. Relei ya EFI ni kidude unachoweza kukijaribu kwa kubadilishana na ya honi iwapo namba zake zinalingana, na mara nyingi zinalingana. Kazi ya dakika moja, na imeziokoa kompyuta nyingi.

Multimita ina udhaifu wake, na wachache huukumbuka: haivuti mzigo. Waya uliooza hadi ukabaki uzi mmoja wa shaba bado utakuonyesha volti 12 kamili. Ndiyo maana ile balbu ya wati 21 ipo. Chomoa soketi ya ECU, ambayo huchomolewa tu baada ya betri kukatwa, rudisha betri, kisha unganisha balbu kati ya pini ya BATT na erthi safi. Pini ya +B haitakuwa na kitu, kwa sababu ECU iliyochomolewa haivuti relei. Ili kuipima, toa relei ya EFI, unganisha matundu yake mawili ya umeme mkubwa kwa waya wenye fyuzi, kisha weka balbu. Iwake nyeupe na kali. Ikiwaka kama mshumaa, umempata mwizi, na hayuko ndani ya kontroli boksi. Balbu hiyo ni ya waya za umeme na erthi tu. Ukiigusisha kwenye waya wa ishara au pini inayotoka ECU utaunguza transista na kuitengeneza kesi ambayo haikuwepo.

Erthi hupimwa kwa namna nyingine. Soketi ikiwa mahali pake na injini ikizungushwa, weka mkono mmoja wa multimita kwenye nguzo hasi ya betri na mwingine kwenye pini ya erthi ya ECU, zile zinazoitwa E1, E01, E02 kwenye Toyota. Usome chini ya volti 0.1. Ukisoma 0.3 au 0.5, ECU inaelea. Vipimo vya sensa vinaweza kupotoka, na hesabu zake zikawa za uongo. Fuata waya hadi bolti yake ya injini, fungua, sugua hadi chuma king'ae, funga. Bolti za erthi huachwa nje hasa injini inapofunguliwa kwa sababu nyingine, tuseme kubadilisha gasketi au giaboksi. Gari lililotoka kwa kazi kama hiyo likianza vituko, uliza bolti gani ilibaki kwenye kopo.

Hapo katikati ya betri na ECU ndipo Nairobi imejaza mikono ya watu. Kuna swichi ya siri ya kukata umeme iliyowekwa na mwenye gari wa kwanza. Kuna alamu. Kuna traka, wakati mwingine mbili, moja ya bima na moja ya aliyetoa mkopo wa logibuku, zenye relei ya kuzima gari kutoka mbali. Kwenye matatu kuna gavana ya mwendo, iliyounganishwa na ishara ya kasi na mara nyingine na njia ya petroli au pedali. Kila kimoja kimeingizwa kwa kukata waya wa kiwandani, kuusokota na mwingine na kuuzungushia tepu. Baada ya miaka michache ya joto tepu inaachia, shaba inageuka kijani, na gari linaanza kuzima likipita matuta. Kwa hiyo kabla ya kugusa ECU, fungua plastiki chini ya usukani na ufuate kila waya usio wa kiwandani: rangi yake haifanani na wenzake na tepu yake ni ya duka la hadiwea. Ukipata relei iliyofichwa kwenye njia ya IGSW au ya pampu, irukie kwa muda kwa waya wenye fyuzi. Likiwaka, kesi imeisha. Traka ya mkopeshaji usiing'oe kimyakimya. Mwambie mwenye gari awapigie walioiweka.

Kisha kuna maji. Kuosha injini kwa pampu ya presha ni mazoea mabaya, na gari lililozima dakika kumi baada ya kutoka kaoshi halihitaji mganga. Chomoa soketi za koili, sensa na ECU ikiwa iko upande wa injini, puliza kwa hewa, acha likauke. Mvua ya masika ni mbaya zaidi. Katika mafuriko ya Aprili 2024 magari mengi mjini yalizama hadi viti, na hapo ndipo mahali ECU ilipo panapoleta tofauti. Kwenye Subaru nyingi za aina ya Impreza na Forester iko chini ya zulia, miguuni pa abiria wa mbele, imefunikwa kwa bamba. Maji ya kufika kifundo cha mguu yanatosha kuilowesha. Hata bila mafuriko, bomba la kutolea maji ya kipoza hewa (ac) likiziba, maji hudondokea hapohapo siku baada ya siku. Zulia la upande huo likiwa na unyevu, usipoteze muda na skana, inua zulia.

Inasikia?

ECU huzipa sensa nyingi umeme wake yenyewe wa volti 5, unaoitwa VC kwenye Toyota, na erthi yake ya pekee, E2. Pima VC kwenye sensa ya throtoli au ya shinikizo la hewa: iwe kati ya 4.9 na 5.1. Ukipata sifuri au volti moja, usiseme bado kwamba ECU imekufa, kwa sababu huu ndio mtego unaonasa hata waliokomaa. Sensa kadhaa hushiriki volti 5 zilezile. Moja ikishoti ndani, inawavuta wote chini. Skana inaweza kukataa kuzungumza, taa ya injini ikazima, na gari likaonekana kama lisilo na kontroli boksi kabisa. Dawa ni kuchomoa sensa moja baada ya nyingine huku multimita ikiwa kwenye VC. Sensa ya shinikizo la gesi ya ac husahaulika, na mara nyingi iko kwenye mstari huohuo. Volti 5 zikirudi ghafla, sensa uliyoichomoa sasa hivi ndiyo mbovu. Ukizichomoa zote na bado hakuna kitu, chunguza waya wenyewe kama umegusa bodi mahali, kisha ndipo uigeukie ECU. Misimbo ya P0641 na P0651 inazungumzia jambo hili hasa.

Kwa gari linalopiga stata bila kushika, ishara moja inatawala nyingine zote: ya kranki, mhimili mkuu wa injini. Bila hiyo ECU haijui kwamba injini inazunguka, kwa hiyo haitoi moto wala petroli, na inakaa kimya kana kwamba imekufa. Fungua data hai kwenye skana na utazame mizunguko ya injini wakati wa kupiga stata. Ikionyesha 150 hadi 300, ECU inasikia kranki. Ikibaki sifuri, tafuta sensa, waya wake, au jino la gurudumu lake. Sensa ya waya mbili ni koili tupu na hutoa umeme wa AC unaopanda na kasi. Ya waya tatu hutoa mapigo ya kupanda na kushuka. Osiloskopu ndogo ndiyo huonyesha hali halisi, kwa sababu sensa inaweza kutoa ishara dhaifu ambayo multimita inaipitisha lakini ECU inaikataa. Gari linalozima likipata joto na kuwaka tena baada ya nusu saa, sensa hii ishikwe kwanza, kisha relei ya pampu, na kontroli boksi baadaye sana.

Sensa nyingine hupimwa kwa mantiki ya kawaida. Asubuhi injini ikiwa baridi, joto la maji na joto la hewa kwenye skana yakaribiane. Ukiona digrii hasi 40 hapa Nairobi, waya umekatika.

Inasema?

Kwa kawaida ECU haipeleki umeme kwa injekta, huiachia erthi. Injekta ina volti 12 upande mmoja muda wote ufunguo ukiwa ON, na ECU huuvuta upande wa pili chini kwa milisekunde chache. Kwa hiyo pima kwanza kwamba volti 12 zipo. Halafu weka taa ya LED ya kupimia injekta na upige stata. Ikimetameta, ECU inasema. Isipometameta, na tayari umethibitisha umeme, erthi na kranki, kuna sababu mbili zilizobaki, na wengi huisahau ya kwanza: immobilaiza. Ufunguo usiotambuliwa huifanya ECU inyime petroli kwa makusudi. Tazama taa ya ufunguo kwenye dashibodi, jaribu ufunguo wa pili, soma data ya immobilaiza kwenye skana. Ikiwa iko sawa, sababu ya pili ni ECU yenyewe. Gari linalowaka sekunde moja na kuzima linasema habari hiyohiyo.

Koili zenye waya nne, kama za 1NZ, hupokea kutoka ECU ishara ya volti 5 iitwayo IGT na kurudisha nyingine iitwayo IGF kuthibitisha kwamba zimepiga. Ukikosa moto kwa silinda moja, badilisha koili na ya jirani. Kosa likihama na koili, koili ni mbovu. Kosa likibaki kwa silinda ileile na plagi ni nzima, pima IGT kwenye soketi ya koili na kwenye pini ya ECU. Ikiwepo kwa ECU na ikakosekana kwa koili, waya. Ikikosekana pia kwenye ECU huku silinda nyingine tatu zikipata, umepata transista iliyoungua ndani. Huo ni ushahidi wa kweli, na haukutoka kwa msimbo.

Misimbo ina nafasi yake. P0601 husema hesabu ya kumbukumbu hailingani, P0604 ni ya RAM, P0605 ya ROM, P0606 ya prosesa. Ni ECU ikijishtaki yenyewe. Lakini hata mshtaki huyo husema uongo akiwa na njaa: betri iliyodhoofika au erthi mbaya inaweza kuwasha P0606. P0603 ndiyo ya kuaminiwa kidogo kuliko zote, kwani betri ikikatwa tu inaweza kutokea. Futa, rekebisha umeme, endesha, soma tena. Msimbo ukirudi mara kwa mara kwa umeme safi, uamini.

Kuifungua

Kabla ya kuichomoa, kata hasi ya betri na ungoje angalau sekunde 90, kwa ajili ya eabegi. Gusa chuma cha bodi ya gari kuondoa umeme tuli mwilini. Ukifungua kisanduku, jicho na pua hufanya kazi kabla ya kifaa chochote. Rangi ya kijani au unga mweupe kwenye miguu ya soketi ni maji. Doa jeusi kando ya transista ni shoti ya nje. Kapasita iliyovimba au ubao uliobadilika rangi chini yake ni uzee. ECU za Mitsubishi za miaka ya 1990 zina sifa hiyo mbaya: maji ya kapasita huvuja, hula nyuzi za shaba za ubao, na kisanduku hutoa harufu kama ya samaki. Kapasita mpya ziwe za ujazo uleule, volti zilezile au zaidi, na za kuvumilia digrii 105. Ubao uoshwe kwa pombe ya isopropili na brashi ya mswaki kabla ya kulehemu, la sivyo yale maji ya kapasita yataendelea na mlo wake.

Lehemu zenye nyufa ni ngumu kuonwa. Si kasoro ya magari ya zamani tu: Agosti 2010 Toyota iliyaita nchini Marekani magari yapatayo milioni 1.13 ya Corolla na Matrix ya 2005 hadi 2008 kwa sababu ya nyufa kwenye ubao wa ECU zilizoweza kuzima injini. Ukishuku hali hii, acha injini iwake na upashe kisanduku joto kwa draya ya nywele, si kwa hitgani, kisha kigonge polepole kwa mpini wa plastiki. Tikisa soketi kando, peke yake, ili usichanganye lehemu mbovu na pini iliyolegea. Pini iliyolegea ni kawaida zaidi.

ECU iliyolowa maji ya mvua yaliyo safi, ikafunguliwa siku hiyohiyo, ikaoshwa kwa pombe na kukaushwa saa kadhaa kwa joto la digrii 60 hivi, mara nyingi hupona. Iliyowashwa ikiwa na maji ndani hupona kwa nadra, kwa sababu umeme huila shaba kwa haraka. Gari likizama, la kwanza ni kukata betri, na kujaribu stata "kuona kama liko sawa" ndiko kunakoliua.

Nani aliiua?

Hili swali huulizwa na wachache, na ndiyo maana kompyuta ya pili hufa wiki ileile. Kwa kawaida transista ya koili haiungui bila koili kushoti. Kuna Nissan za mwanzoni mwa miaka ya 2000, Maxima zikiwemo, ambazo valvu ya hewa inayoshikilia silensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) hupitiwa na maji ya rejeta. Maji yakivuja ndani yake, mota inashoti na kuchoma chipu ya ECU inayoiendesha. Ukiweka ECU nyingine bila kubadilisha valvu, umeichoma na hiyo. Kwa hiyo kabla ya kuchomeka kisanduku kingine, pima kila mzigo wa pini iliyoungua. Injekta za kawaida ziwe omu 11 hadi 16 hivi, zote zikaribiane. Valvu na solenoidi zilinganishwe na kitabu. Waya wa pini hiyo usiwe umegusa bodi. Uliza pia kama kuna mtu aliyejampu betri kinyume, au aliyechomelea bodi bila kukata betri.

Ukinunua iliyotumika, soma namba yote kwenye kibandiko, si jina la gari. Toyota huanza na 89661, Nissan 23710, Subaru 22611, Honda 37820, na Mazda ina 18-881 katikati. Herufi na tarakimu za mwisho ndizo zinazotenganisha ya otomatiki na ya manyuali, ya magurudumu mawili na manne, yenye immobilaiza na isiyo nayo. "Inaingia tu" ya muuzaji inamaanisha soketi imeingia. Kapatane naye kabla ya kulipa kwamba isipofanya kazi inarudi, na upige picha ya kibandiko na ya skrubu za kifuniko, kwani skrubu zilizokwaruzwa ni ishara kwamba ilishafunguliwa.

Hata namba ikilingana, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. ECU iliyotoka gari jingine ina siri ya ufunguo wa gari hilo. Kwenye baadhi ya Toyota zenye kisanduku tofauti cha immobilaiza, unaunganisha pini ya 13 na ya 4 ya OBD, ufunguo ON, na kuacha kwa dakika 30 ili vifahamiane. Chaja ya betri iunganishwe muda wote huo. Kwenye Toyota za zamani ambazo siri iko ndani ya ECU yenyewe, chipu ndogo ya miguu minane, ya aina ya 93C56 au 93C66, husomwa kwa programa na data kuhamishwa au kusafishwa. Baada ya hapo throtoli ijifunze upya. Nissan huhitaji kujifunza kiasi cha hewa ya silensi kwa skana, la sivyo injini itanguruma juu au kuzima kwenye taa za barabarani.

Ile ya zamani usimwachie muuzaji kama sehemu ya bei, hata kama imeungua kabisa. Chipu ya siri huwa nzima mara nyingi hata prosesa ikifa, na ikiwa funguo zote mbili zitapotea au ECU mpya igome, data yake ndiyo itakayotumika. Ifunge kwenye mfuko mkavu, andika namba ya gari juu yake, na umkabidhi mwenye gari.